Cheo ni Dhamana

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Methali hii tumeizoea mno, hata hatujiulizi tena inasema nini. Yako hata hivyo mambo katika historia yanayoilazimu methali ijieleze upya. Mojawapo ni kisa cha mtu aliyepandishwa ngazi na wananchi wenzake, kisha ilipofika siku ya kumshusha ikaonekana kwamba waliotengeneza ngazi ile hawakuweka njia ya kumteremsha. Akitaka kushuka kwa hiari yake, atashuka. Asipotaka, atakaa huko huko juu mpaka muda wake uishe, na walio chini watabaki kumtazama.

Kisa hiki kilitokea Uingereza, katika eneo la South Yorkshire, lenye miji ya Sheffield, Rotherham, Barnsley na Doncaster, kati ya mwaka 2012 na 2014. Ni kisa cha Shaun Wright, mtu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuwa msimamizi wa polisi wa eneo lile. Ni mambo ya Waingereza, lakini yanamhusu kila anayefikiri juu ya madaraka, na zaidi yanamhusu kila aliyepata kukabidhiwa watoto wa watu.

Cheo chenyewe kiliitwa Kamishna wa Polisi na Uhalifu. Msomaji wa kwetu asidanganywe na jina. Kwetu kamishna wa polisi ni askari mwenye alama za cheo mabegani, na hupandishwa na wakubwa wake. Kamishna huyu wa Kiingereza si askari. Havai sare, hamkamati mtu, wala hawezi kumwagiza polisi amkamate fulani na kumwacha fulani. Ni mwanasiasa aliyepigiwa kura. Kazi yake ni kupanga makadirio ya fedha za polisi, kuandika mpango wa kazi wa eneo lake, kusikiliza malalamiko ya raia na, lililo kubwa kuliko yote, kumwajiri mkuu wa polisi wa eneo na kumfukuza akibidi. Kwa maneno mengine, ni jicho la raia juu ya bega la polisi.

Waingereza walifika hapo kwa njia ndefu. Polisi wa London walipoundwa mwaka 1829 waliwekwa chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Miji mingine haikupenda mtindo huo, na sheria ya mwaka 1835 iliiruhusu miji isimamie polisi wake kwa kamati za madiwani. Kuanzia mwaka 1888 polisi wa vijijini wakasimamiwa na kamati za nusu madiwani na nusu mahakimu. Sheria ya mwaka 1964 ikaunda mamlaka za polisi, ambamo madiwani walikuwa theluthi mbili na mahakimu theluthi moja. Kwa muda wote huo msimamizi alikuwa kikao, si mtu mmoja. Ubaya wa kikao ni kwamba raia hakijui. Muulize mtu wa mtaani jina la mwenyekiti wa mamlaka ya polisi, atakutazama kama uliyemuuliza jina la babu wa jirani yake. Hiyo ndiyo hoja iliyotumiwa na serikali ya David Cameron kupitisha sheria ya mwaka 2011. Kikao kikafutwa, akawekwa mtu mmoja mwenye jina na sura, ili raia wajue wa kumsifu na wa kumlaumu.

Niseme hapa jambo moja linalotugusa. Mfumo huo wa madiwani kuwasimamia polisi Waingereza hawakutuletea. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilipoanzishwa mwaka 1919, makao yake yakiwa Lushoto, liliwekwa chini ya mkono wa Gavana. Mwingereza aliyekuwa na kauli juu ya askari wa mtaa wake kule kwao hakuona sababu ya mkulima wa Usambaa kuwa na kauli kama hiyo. Uhuru ulipokuja tulilirithi jeshi hilo na mtindo wake wa kuamriwa kutoka juu, na hata leo kamanda wa polisi wa mkoa hachaguliwi na raia. Kwa sababu hiyo wako wenzetu wanaosema kwamba dawa ya matatizo yote ya polisi ni kura. Kisa cha South Yorkshire chafaa kusomwa na watu hao kabla hawajaendelea kusema.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 15 Novemba 2012 katika maeneo 41 ya England na Wales, nje ya London. Novemba huko ni mwezi wa baridi na giza la mapema. Watu wengi hawakujua wanachagua nini, wala serikali haikumpelekea kila mpiga kura vipeperushi vya wagombea. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 15 tu. Katika kituo kimoja cha mji wa Newport, huko Wales, siku nzima ilipita bila mpiga kura hata mmoja. Sanduku lilifunguliwa tupu kama lilivyofungwa. South Yorkshire nayo haikuwa mbali na wastani huo. Shaun Wright, mgombea wa chama cha Labour, akashinda katika hesabu ya kwanza ya kura. Eneo lile ni la wachimba makaa ya mawe na wafua chuma, na kwa miaka mingi Labour ilishinda humo bila jasho jingi.

Mtu huyu hakuwa mgeni wa mambo ya utawala. Alikuwa diwani wa Rotherham, na alipata kuwa mjumbe wa ile mamlaka ya polisi iliyofutwa. Kati ya mwaka 2005 na 2010 alikuwa ndiye kiongozi wa halmashauri ya Rotherham aliyekabidhiwa huduma za watoto na vijana. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote, nami namwomba msomaji anivumilie nieleze wadhifa huo ulitoka wapi.

Mwaka 2000 mtoto wa miaka 8, Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, alikufa London kwa mateso ya waliokuwa wakimlea. Ofisi kadhaa zilikuwa zimemwona, na kila moja ilidhani nyingine inashughulika. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotoka mwaka 2003, ulionyesha jinsi wakubwa walivyojificha nyuma ya wadogo. Ndipo Sheria ya Watoto ya mwaka 2004 ikaagiza kwamba kila halmashauri iwe na diwani mmoja, mwenye jina, atakayebeba dhamana ya kisiasa juu ya watoto. Nia ya sheria ilikuwa wazi: asiwepo tena mkubwa wa kusema, sikujua.

Sisi walimu jambo hili tunalifahamu bila kusoma sheria za Uingereza. Kila shule ina daftari la mwalimu wa zamu. Humo huandikwa jina la aliye zamu, idadi ya waliofika na wasiofika, wagonjwa, na yaliyotokea. Katika chuo cha ualimu niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba daftari lile si la kumsaidia mkuu wa shule kupata habari tu. Ni la kumfunga mtu. Ukiisha kuandika jina lako pale asubuhi, mtoto akivunjika mkono saa nne uwanjani nawe uko dukani, hutaulizwa kama ulimwona akianguka. Utaulizwa kwa nini hukuwapo mahali pa kumwona. Kutojua kwa raia wa kawaida ni udhuru. Kutojua kwa mtu wa zamu ni kosa lenyewe.

Basi tarehe 26 Agosti 2014 daftari la Rotherham likafunguliwa. Profesa Alexis Jay, aliyepewa na halmashauri kazi ya kuchunguza, alitoa taarifa yake. Kwa makisio ya tahadhari, watoto kama 1,400 walitendewa uovu wa kijinsia mjini humo kati ya mwaka 1997 na 2013. Wengine walikuwa na umri wa miaka 11. Walilewesha, wakatishwa, wakasafirishwa mji hadi mji. Wengi walikuwa wasichana wa familia maskini au waliolelewa katika nyumba za halmashauri, na walipokwenda polisi baadhi yao walidharauliwa kana kwamba wao ndio wenye tabia mbaya. Wako pia watumishi walioogopa kusema kwa kuwa wengi wa watuhumiwa walikuwa wenye asili ya Pakistani, nao walichelea kuitwa wabaguzi. Kilichowakasirisha watu zaidi ni kwamba taarifa za kuonya zilikwisha kuandikwa mwaka 2002, 2003 na 2006. Hazikukosa kuandikwa. Zilikosa wa kuzisoma na kutenda.

Siku ile ile kiongozi wa halmashauri alijiuzulu. Macho yote yakamgeukia Kamishna. Kwa miaka mitano alikuwa mtu wa zamu wa watoto wa mji ule, na sasa alikuwa ndiye msimamizi wa polisi wale wale waliotajwa kwa kuwadharau watoto hao. Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisema aondoke. Waziri Mkuu alisema aondoke. Chama chake kilimwambia aondoke au kitamsimamisha, naye akajitoa katika chama, akabaki katika cheo. Naibu wake aliona bora atangulie yeye, akajiuzulu. Tarehe 9 Septemba aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Siku mbili baadaye jopo la madiwani lililowekwa kumwangalia Kamishna lilipiga kura ya kutokuwa na imani naye, mbele ya raia waliojaa hasira.

Kura ile haikuwa na nguvu. Sheria ya mwaka 2011 ililiruhusu jopo kumsimamisha Kamishna kwa sababu moja tu, yaani akiwa ameshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi kifungo cha miaka miwili. Wright hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote. Waziri hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Bunge halikuwa na uwezo. Raia waliompigia kura, na wale wengi zaidi ambao hawakumpigia, hawakuwa na njia ya kumwita arudi nyumbani mpaka Mei 2016. Yeye aliweza kumfukuza mkuu wa polisi, lakini katika nchi nzima hapakuwa na mtu wa kumfukuza yeye.

Tumpe naye haki yake, maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Alisema hakuujua ukubwa wa maovu yale. Alisema aliuacha wadhifa wa watoto mwaka 2010, na kwamba alikwisha kubeba sehemu yake ya lawama. Aliomba radhi. Tena lawama hazikuwa zake peke yake, kwa kuwa maovu yalianza kabla yake na yakaendelea baada yake, na wako maofisa wa halmashauri na wa polisi waliojua mengi kuliko diwani. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba alichaguliwa, na aliyechaguliwa hafukuzwi kwa kelele za magazeti. Si hoja ya kipuuzi hata kidogo. Kiongozi akiangushwa na kila upepo wa hasira, uchaguzi una maana gani?

Hata hivyo hoja hiyo ina ufa. Mwenye kusema nilichaguliwa anasema habari ya siku moja, siku ya kura. Dhamana si ya siku moja. Watu wa South Yorkshire walimkabidhi polisi, na polisi hawawezi kufanya kazi kama msichana aliyeumizwa anaona haya kuingia kituoni kwa kuwa msimamizi wa kituo hicho ndiye aliyekuwa msimamizi wake wakati akiumizwa. Ukweli wa kutokujua kwake, hata tukiukubali wote, haukumrudishia msichana yule imani. Kuna wakati mtu anapaswa kuachia kazi bila kuwa mhalifu, kwa sababu tu kukaa kwake kunaizuia kazi isifanyike.

Tarehe 16 Septemba 2014, siku 21 baada ya taarifa kutoka, Wright alijiuzulu. Aliondoka mwenyewe. Sheria haikumwondoa.

Tazama sasa mizani ya sheria ile ilivyopinda. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa kwanza, mgombea mmoja wa eneo jingine alilazimika kujitoa kwa sababu alipokuwa mtoto, mwaka 1966, alitozwa faini kwa kosa dogo lililohusu bunduki ya upepo. Mwaka 2021 huko Wiltshire mtu alishinda uchaguzi lakini hakukikalia kiti kwa sababu ya kosa la zamani la kuendesha gari akiwa amelewa, na uchaguzi ukarudiwa. Sheria ilikuwa na macho makali ya kuona faini ya utotoni, lakini haikuwa na jicho la kuona miaka mitano ya zamu ambayo watoto waliangamia. Ilipima makosa ya kutenda, ikasahau makosa ya kuacha kutenda. Sisi tuliokaa katika utawala wa shule twajua kwamba hayo ya pili ndiyo huua zaidi.

Aliyemrithi, kwa uchaguzi mdogo wa tarehe 30 Oktoba 2014 ambao nao ulivuta chini ya asilimia 15 ya wapiga kura, alikuwa Alan Billings, kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyepata kuwa naibu kiongozi wa halmashauri ya Sheffield. Naye alikutana na mtihani wake. Mwaka 1989 katika uwanja wa mpira wa Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa. Idadi yao imefikia 97, wa mwisho akiwa alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali. Kesho yake Billings alimsimamisha kazi mkuu wa polisi, David Crompton, kwa jinsi alivyouelekeza upande wa polisi katika shauri lile na kwa tamko alilolitoa baada ya uamuzi, na mwezi Septemba akamtaka ajiuzulu. Raia wengi walishangilia. Lakini Juni 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba Kamishna alikosea kisheria.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Katika la kwanza, Kamishna hakuweza kuguswa na mtu. Katika la pili, Kamishna alimgusa mwingine, na mahakama ikaona mkono wake umezidi. Yote mawili yana shina moja, nalo ni kuweka madaraka makubwa katika mkono wa mtu mmoja na kudhani kwamba kura peke yake itamwongoza. Kikao kilichofutwa na sheria ya mwaka 2011 kilikuwa kizito na hakikujulikana, ni kweli. Lakini katika kikao mtu mmoja akikosea wapo wa kumvuta shati.

Baada ya aibu ya Rotherham kamati ya Bunge ilitaka iwepo njia ya kumwondoa Kamishna aliyepoteza imani ya raia. Mwaka 2015 Waingereza walitunga sheria ya kuwawezesha wapiga kura kumrudisha nyumbani mbunge aliyekosa kwa namna fulani fulani. Makamishna hawakuguswa. Mwezi Mei 2024 cheo cha Kamishna wa South Yorkshire kilikoma, na kazi zake zikahamia kwa meya wa eneo lile. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza nia ya kuvifuta vyeo hivyo vyote kipindi cha waliopo kitakapokwisha Mei 2028, na kuzikabidhi kazi zake kwa mameya, au kwa viongozi wa halmashauri pale pasipo na meya. Mduara unakaribia kufungwa, kutoka kwa madiwani mpaka mtu mmoja, na katika sehemu nyingine kurudi kwa madiwani.

Mtu anaweza kusoma haya akasema, basi kura haifai, na sisi tubaki na makamanda wetu wa kuteuliwa. Mimi sisomi hivyo. Polisi asiyesimamiwa na raia ni hatari, nasi wa nchi zilizotawaliwa twajua hatari hiyo vizuri kuliko Mwingereza. Ninachosoma ni kwamba kura ni mwanzo wa usimamizi, si mwisho wake. Inahitaji wapiga kura wanaojua wanachagua nini. Asilimia 15 ni watu wachache mno kumkabidhi mtu polisi wa eneo zima. Inahitaji kumbukumbu, kwa maana miezi miwili kabla ya uchaguzi wa 2012 gazeti la The Times lilikuwa limekwisha kuandika juu ya Rotherham, na aliyetaka kujua nani alikuwa zamu angeweza kuuliza. Tena inahitaji mlango wa kutokea, uliojengwa mapema, kabla hajajulikana atakayetolewa kwa mlango huo. Ukingoja kuujenga siku ya hasira, utaujenga kwa kipimo cha mtu mmoja.

Rika langu tulifundishwa tukiwa vijana kwamba cheo ni dhamana. Tulilisema neno hilo mara nyingi, wengine kwa moyo, wengine kwa midomo tu. Dhamana ni kitu cha mwingine ulichokishika kwa muda. Mwenyewe akija kukidai hakuulizi kwanza kama una hatia, ananyoosha mkono. Wale watoto kama 1,400 walikuwa na haki ya kunyoosha mkono miaka mingi kabla ya mwaka 2014, na waliounyoosha mapema waliambiwa wana tabia mbaya. Kwa hiyo mtu akija kwako na mpango mpya wa uongozi, uwe wa polisi, wa shule au wa kijiji, usimwulize tu kiongozi atapatikanaje. Mwulize mtoto maskini kuliko wote wa mahali hapo atamlalamikia nani, na huyo atakayelalamikiwa asiposikia, nani atamwondoa. Asiyekuwa na jibu la swali hilo bado hajamaliza kuandika sheria yake.